Staa Kalala Loji, Shabiki Kalala na Upepo: Ya Mang'ola Yawe Somo

Klipu yenyewe haifiki hata dakika moja. Hema jeupe la duara, limepambwa taa ndogo ndogo utadhani ukumbi wa sendoff. Nyuma linaonekana Ziwa Eyasi, mikoche imejipanga, jua linazama taratibu. Anatoka staa mmoja wa kike wa hapa Bongo, jina kapuni, kajifunga shuka la Kimasai, glasi mkononi, kope zimekaa sawa. Anavuta hewa, anafumba macho, muziki unapanda.

Chini ya klipu aliandika kwamba huo ni usiku wake wa kwanza porini, Mang'ola kule Karatu, na kwamba kila alichotumia kipo kwenye orodha. Orodha ikafuata: hema jeupe la kitambaa kizito, godoro la kujaza upepo, zulia la manyoya, mito minne, taa za kamba, meza ya kukunja, glasi, spika, na kajiko kadogo ka mkaa "ka kupasha hema joto usiku".

Mtandao ukawaka. "Nataka hii!" "Mwaka huu lazima!" "Baby njoo uone." Kila mtu akaseva.

Mmoja wa walioseva ni binti wa Mwenge, Dar, mfanyakazi wa kawaida tu, ndo kwanza kapokea mchezo wa ofisini. Pesa aliyoisubiri miezi akaiweka kwenye ile orodha, kitu kimoja baada ya kingine, mpaka zulia. Akakusanya mashosti zake watatu, wakapanga wikiendi ya Sabasaba, wakapanda basi hadi Arusha, wakakodi gari, safari ya Mang'ola ikaanza.

Kilichowapata huko ndicho kimezua mjadala mzima, na mjadala wenyewe umepoteza njia. Watu wanagombana kama staa alidanganya au hakudanganya, nani ana wivu, nani anatafuta kiki. Wakati ishu ya msingi ni nyepesi sana: ile orodha haikuwahi kulala porini hata usiku mmoja. Na kifaa ambacho hakijalala porini hakina ushahidi wa kumpa mtu.

Usiku wa kwanza

Mang'ola iko bondeni, chini ya nyanda za Karatu na Ngorongoro, kando ya Ziwa Eyasi. Ni nchi ya vitunguu. Chemchemi za pale ndizo zinazomwagilia mashamba, na maloli ya vitunguu yanapanda kwenda mjini huku yakiacha vumbi refu nyuma. Mchana ni joto kweli, na kiangazi upepo wa ziwani ukianza hauna mchezo.

Mashosti wanne walifika alasiri. Wakachagua sehemu ya wazi kabisa ili ziwa lionekane. Kijana mmoja wa pale, aliyekuja kuwaonyesha njia, akawaambia kwa upole, "Dada zangu, hapo hakuna kizuizi. Sogezeni nyuma ya kile kichaka, upepo wa hapa ukija utawasumbua."

"Asante kaka, ila tunataka picha itoke na ziwa."

Kijana akanyamaza. Akawasaidia kupigilia vigingi, ambavyo vilikuwa vifupi kama misumari ya kenchi, akaenda zake.

Picha zilitoka. Kali kweli. Saa mbili usiku upepo ukaja. Hema lile limesimama kwa nguzo moja ya katikati na kitambaa chake ni kipana kama tanga la jahazi, sasa hesabu mwenyewe. Kigingi cha kwanza kikang'oka, cha pili kikafuata, ardhi yenyewe tifutifu. Taa za kamba zikajiviringisha kwenye nguzo. Godoro la upepo nalo lilikuwa limeshachomwa na mwiba wa mgunga tangu jioni, likawa chapati. Wote wanne wakamalizia usiku ndani ya gari, wamekaa wima, mchanga mpaka kwenye meno.

Mpaka hapo ni vichekesho. Usiku wa pili haukuwa kichekesho.

Usiku wa pili

Asubuhi wakakunja kilichobaki, wakapanda juu, wakaingia kambi moja ya upande wa kwenda geti la Loduare. Walichosahau ni kwamba Mang'ola na huko juu ni dunia mbili. Ziwa Eyasi liko kama mita 1,030 kutoka usawa wa bahari, na ukingo wa Kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Kwa kawaida kila mita 1,000 unazopanda, joto linashuka kama nyuzi 6. Yaani kwa mwendo wa saa chache unatoka kwenye joto la kuvua shati unaingia kwenye baridi la kutoa moshi mdomoni. Na hiyo ni Julai, mwezi ambao watu wa Karatu wenyewe wanatembea na makoti.

Wao walikuwa na shuka za Kimasai mbili, mito minne na zulia. Hakuna blanketi hata moja la maana.

Saa nne usiku wakakumbuka klipu. Kajiko ka mkaa. Wakakawasha, wakakaingiza hemani, wakafunga zipu ili joto lisitoke.

Aliyewaokoa ni mlinzi wa kambi, mzee wa makamo, alikuwa anapita na tochi yake akaona mwanga mwekundu ndani ya hema lililofungwa. Aligonga, kimya. Akafungua zipu mwenyewe, akalivuta jiko nje, akawatoa mmoja mmoja. Wawili vichwa vilikuwa vinawagonga, mmoja alitapika, wa nne alichelewa kuamka mpaka wenzake wakaanza kulia.

"Tulikuwa tunasikia baridi tu, baba," binti wa Mwenge akasema.

"Baridi la hapa mtu anatafuta blanketi, mwanangu," mzee akamjibu. "Hili jiko lingewalaza moja kwa moja."

Mkaa unaowaka, hata ule unaoonekana umeshakufa umebaki majivu mekundu, unatoa kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu. Haikukabi ukaamka. Inakulaza zaidi. Hema lililofungwa zipu ni sehemu mbaya kuliko chumba, kwa sababu ni dogo na hewa inaisha fasta. Kila msimu wa baridi Afrika Mashariki husikika habari za familia zilizolala na jiko ndani na hazikuamka. Hili halina mjadala wala "inategemea". Jiko la mkaa haliingii hemani, hata liwe dogo kiasi gani, hata kwa dakika tano.

Kumbe

Binti aliporudi Dar aliandika kila kitu, bila kumtaja mtu. Mashabiki wakamjua anayesemwa, wakamvaa. "Ushamba wako usimsingizie dada wa watu." "Nani alikuambia ufunge zipu?"

Halafu siku ya tatu, mmoja wa waliokuwa kwenye timu ya kupiga ile klipu akateleza, akaposti picha ya jioni ileile: staa yuko Karatu mjini, kwenye loji, shuka nyeupe, chai mezani, nywele zimefungwa. Hema lilisimamishwa saa kumi, likapigwa picha mpaka jua lilipozama, likakunjwa. Kajiko ka mkaa hakajawahi kuwashwa. Kaliwekwa kwa sababu kanapendeza kwenye picha.

Sasa hapo mashabiki wakagawanyika. Wapo wanaosema staa ni mwongo. Wapo wanaosema, jamani, huyo ni mburudishaji, kazi yake ni kuuza ndoto, nani aliwahi kuiga filamu akashtaki?

Hoja ya pili ina uzito, ipewe haki yake. Kulala loji si kosa. Karatu kuna loji nzuri na pesa ni yake. Kupiga picha hema zuri pia si kosa, na kuna watu wengi wa Dar wasingejua hata Mang'ola iko wapi bila klipu kama ile. Vijana wa pale wanaotembeza wageni wanapata riziki kwa picha kama hizo.

Lakini filamu haikupi orodha ya manunuzi. Siku unapoandika "nilitumia hivi, nunua hivi", umeshaacha kuburudisha, unashauri. Na anayeshauri anatakiwa awe ameshajaribu. Fundi seremala hakuuzii kiti ambacho yeye mwenyewe anaogopa kukikalia. Maneno manne tu yangetosha chini ya ile klipu: "Hapa tulipiga picha tu." Yasingempunguzia hata mfuasi mmoja, na yangemwokolea binti wa Mwenge mchezo wake mzima.

Usiku wenyewe ungesema nini

Hebu ichukuliwe ileile Mang'ola, ileile Julai, halafu usiku upewe nafasi ya kuchagua vifaa badala ya kamera. Orodha ingekuwa fupi, na ingekuwa na sura tofauti kabisa.

Kwanza hema. Upepo hautaki hema refu wala lenye mbwembwe. Unataka fupi, la mgongo wa kobe, lenye nguzo mbili zinazopishana, na kitambaa cha pili cha juu cha kuzuia mvua na vumbi. Likiandikwa "watu 2", maana yake watu 2 wamelala bega kwa bega na mabegi yako nje. Mkiwa wawili tafuta la watu 3. Kwa mvua angalia namba ya milimita kwenye lebo: kuanzia 1,500 hadi 3,000 inatosha safari za kawaida.

Vigingi ndo siri ya hema, na ndo kitu cha kwanza watu wanadharau. Kwenye udongo tifutifu kigingi kifupi ni pambo. Pigilia kile kirefu, ukikiinamisha kichwa kiangalie mbali na hema. Kikikataa, Mang'ola yenyewe inakupa jibu: magunia ya nyavu ya vitunguu yapo kila kona. Jaza mawe, funga kamba ya hema hapo, hakiendi kitu popote. Mgongo wa hema uangalie upepo unakotoka, mlango upande wa pili. Na usisimamishe hema kwenye ule uwanda mweupe wa kando ya ziwa kwa sababu tu umekauka kwa juu. Chini yake mara nyingi ni tope, gari likizama hapo utaitafuta trekta ya mtu ya shambani.

Pili, cha chini. Hapa ndipo wengi wanapokosea wakidhani godoro ni la kulainisha. Kazi yake kubwa ni kukutenga na ardhi, maana ardhi inakunyonya joto usiku kucha. Godoro la upepo la kawaida ndani yake kuna hewa tupu, na hewa hiyo ikipoa unalala juu ya friji. Tena mwiba mmoja wa mgunga umelimaliza. Sponji jembamba la kukunja, lile la mazoezi, juu ya mkeka, linashinda. Halipasuki, halihitaji pampu, na hata likitoboka bado ni sponji. Kabla ya kutandika, fagia miiba kwa tawi, tandaza turubai. Turubai liwe dogo kidogo kuliko sakafu ya hema. Likitokeza nje, mvua ikinyesha linakusanya maji na kukuletea chini ya mgongo.

Tatu, cha juu. Kwa Mang'ola peke yake blanketi moja linaweza kutosha. Ukiwa na mpango wa kupanda Ngorongoro, tafuta slipingi begi na usome namba vizuri. Mara nyingi zipo mbili: ya kwanza ni nyuzi ambazo mtu wa kawaida analala vizuri, ya pili, iliyo chini, ni ya kuvumilia mpaka asubuhi. Wauzaji wanapenda kukutajia ya pili. Wewe nunua kwa ya kwanza. Za manyoya ya ndege ni nyepesi na zina joto ila zikilowa zimekufa. Za nyuzi za kiwandani ni nzito kidogo lakini hata zikiwa na unyevu zinasaidia.

Na joto la hemani halitoki kwenye jiko. Linatoka kwenye mwili wako. Kula vizuri kabla ya kulala, vaa soksi kavu na kofia, badilisha nguo ulizotokea jasho mchana. Chemsha maji nje, jaza chupa ngumu yenye mfuniko wa kubana, ivalishe soksi, iweke miguuni. Hiyo ndo hita ya hema, na haijawahi kuua mtu.

Nne, maji. Staa alikuwa na glasi, hakuwa na dumu. Kwenye joto lile hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika. Watu 4, hilo ni dumu moja la lita 20 kila siku, kuoga bado. Ziwa Eyasi ni la magadi, halinyweki. Mifereji ya mashambani nayo isikudanganye kwa kuwa inatiririka. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi dawa zinazopulizwa kwenye vitunguu. Beba maji ya kunywa kutoka Karatu, au uliza wenyeji wanachota wapi ya kunywa, kisha yatibu.

Tano, mwanga. Taa za kamba zinapendeza, ila huwezi kwenda nazo chooni. Tochi ya kuvaa kichwani, kila mtu na yake, na betri za akiba. Simu iachiwe powabenki na dharura. Usiku ukitaka kuvaa viatu, vikung'ute kwanza, maana nge nao wanapenda sehemu zenye giza na joto. Zipu ya hema ifungwe muda wote, hata ukitoka dakika moja. Mbu wapo, malaria ipo.

Sita, jiko. Mtungi mdogo wa gesi wenye kichomeo juu, ule wa geto, unatosha kabisa watu wanne. Unapika nje, mbali na hema, umeukinga upepo. Julai majani ni makavu, cheche moja ya mkaa ikipeperushwa umechoma malisho ya watu. Chakula kisilale hemani, kifunge garini. Ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro unalala kambi zilizoruhusiwa tu, na wanyama wanapita kambini. Ndizi kwenye begi la kichwani ni mwaliko.

Vilivyobaki ni vidogo: kisu, kamba, plasta na dawa zako, raba za kufunika vidole, koti la upepo, kitambaa cha kufunika pua kwa ajili ya lile vumbi, na gunia la kurudisha taka mjini. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, wasiendelee kuikuta Mang'ola ikiwa na jina lako.

Zulia la manyoya halimo. Mito minne haimo. Lile shuka la Kimasai limo, tena kwa heshima: linafunika, linakinga jua, linazuia vumbi, linakuwa pazia. Ndicho kifaa pekee kwenye ile klipu kilichowahi kulala nje kweli.

Wenyeji wanajua, ila hakuna anayewauliza

Kuna kitu kinachekesha na kuumiza kwenye hizi klipu za Mang'ola. Watu wanakwenda kupiga picha na Wahadzabe, wanarudi hawajajifunza chochote. Wahadzabe wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali kuzunguka ziwa lile, na mali anayotembea nayo mwindaji unaihesabu kwa vidole: upinde, mishale, kisu, vijiti vya kuwashia moto. Vichwa vya mishale vingine vinafuliwa na mafundi wa Kidatoga kutoka kwenye misumari na vyuma chakavu. Kila kitu kina kazi, na mwenye nacho anakijua hata gizani.

Hiyo haimaanishi mtoto wa Mwenge akaishi kama Mhadzabe. Asijaribu hata. Inamaanisha tu kwamba pale alipokuwa amesimama na godoro lake lililotoboka, walikuwepo watu wanaojua upepo, ardhi na usiku wa pale kuliko mtandao wote. Yule kijana alishasema, "Sogezeni nyuma ya kichaka." Ushauri wa bure, wa mtu aliyelala pale maisha yake yote, ukashindwa na ushauri wa mtu ambaye hakulala pale hata mara moja. Tena kwa sababu moja tu: huyu hana wafuasi.

Huo ndo ugonjwa wenyewe. Na unaonekana mpaka kwenye malipo. Mwenyeji anapewa buku mbili na "asante kaka", halafu anakatwa kwenye picha. Mlipe aliyekuonyesha njia kama unavyomlipa mpiga picha. Msikilize zaidi.

Pesa ya mchezo ingefanya nini

Kuna wanaosema vifaa vya kweli ni ghali, ndo maana watu wanaiga picha. Si kweli. Orodha ya staa ndiyo ghali. Hema la kawaida na slipingi begi vinakodishwa Arusha, kule ambako safari na kupanda milima ni kazi ya kila siku. Kwa safari moja kwa mwaka, kukodi ni akili kuliko kununua kitu kitakachokaa juu ya kabati. Ukikodi, fungua kila kitu palepale dukani: simamisha hema, hesabu vigingi, vuta zipu mpaka mwisho, linusie ukungu. Zipu mbovu ukiigundua Mang'ola saa moja usiku hakuna wa kumlalamikia.

Ukitaka kununua, anza na mitumba. Makoti mazito na masweta ya maana yanapatikana Karume pale Dar, Memorial kule Moshi, Kilombero pale Arusha. Blanketi lipo nyumbani. Sufuria ipo. Dumu lipo. Cha kununua kipya kiwe kile ambacho kikifeli kinakuumiza: tochi na sponji, halafu hema ukiona utarudi tena.

Na kabla ya safari, kila kifaa kilale kwanza karibu. Simamisha hema uani, au ufukweni Kigamboni ambako upepo upo. Lisimamishe mara mbili, mara ya pili gizani. Lala ndani mpaka asubuhi. Kitakachokusumbua uani kitakutesa porini, na uani unaweza kurudi kitandani. Usiku mmoja wa namna hiyo ni bure na unafundisha kuliko klipu mia.

Binti wa Mwenge, kwa taarifa zilizopo, ameuza zulia na ile meza. Godoro limezibwa kwa gundi ya baiskeli. Ameshaazima hema la mgongo wa kobe kwa binamu yake na ameshalala nalo uani mara mbili, majirani wakimcheka. Mpango wake ni kurudi Mang'ola na mashosti walewale, nyuma ya kichaka kilekile. Huyo ndiye wa kufuatwa, ingawa wafuasi wake hawajazi hata daladala.

Staa naye hajachelewa. Hahitaji kulia laivu wala kuomba radhi kwa taarifa ndefu ya menejimenti. Aifute ile sentensi ya kajiko ka mkaa, leo, maana ile klipu bado ipo na bado watu wanaiseva. Kisha, akipenda, aende akalale kweli, usiku mmoja tu, bila timu. Akiamka na mchanga kwenye kope, apige picha hivyohivyo. Hiyo ndo orodha watu wataiamini.

Wewe je, ulishawahi kununua kitu kwa sababu ya klipu kikakuangusha safarini? Na unaona staa anapaswa kusema "tulipiga picha tu", au mashabiki wajiongeze wenyewe? Shusha maoni yako hapo chini.